Naomba ushauri: nianzie wapi katika hip hop yenye ladha ya jazi?

Mhariri wa Zamu

Wanajukwaa, salaam. Kazi yangu ni kusahihisha miswada, na tangu asubuhi hadi jioni huwa nafanya kazi muziki ukilia kwa sauti ya chini. Hip hop ndiyo niliyokulia, lakini nyingi ninayokutana nayo sasa ni ya kelele, na rapa akianza kushusha mistari mizito hujikuta nimemaliza aya nzima bila kuambua kitu. Hivi karibuni nilisikia kibao cha kundi la Digable Planets kutoka albamu yao ya mwaka 1993, kile chenye besi inayotembea taratibu na tarumbeta zinazoitikia kwa nyuma, nikaona kwamba huko ndiko ninakotaka kuelekea. Tatizo ni kwamba nikitafuta zaidi ninaletewa mikusanyiko ya saa nyingi ya biti zinazofanana mwanzo hadi mwisho, zisizotaja mpigaji wala mtengenezaji. Naomba albamu kamili ambazo naweza kuzizoea bila kuzichoka. Jazi yenyewe siijui sana, kwa hiyo msinichukulie kuwa mjuzi.

Santuri Kuukuu

Karibu, mkuu. Anza na *The Low End Theory* ya A Tribe Called Quest, iliyotoka mwaka 1991, kwa sababu humo besi ndiyo mwenye nyumba na vyombo vingine ni wageni waliopita kusalimia. Hata Ron Carter, aliyepiga besi katika kundi la Miles Davis miaka ya 1960, aliitwa studio akapiga kwenye wimbo mmoja. Usiihukumu albamu hii kwa spika ya simu, maana spika ile haitoi sauti za chini na utabaki na ngoma na maneno matupu. Spika za masikioni, hata za bei ndogo, zitakufaa zaidi mradi zizibe sikio sawasawa.

Ukitoka hapo, nenda kwa Pete Rock na CL Smooth, albamu ya *Mecca and the Soul Brother* ya mwaka 1992. Wengi huisifia ile saksafoni iliyochukuliwa kwenye rekodi ya Tom Scott, na wana haki, ila mimi kinachonivuta ni mkwaruzo wa sauti yenyewe. Pete Rock, mtengenezaji wa biti, alikuwa akitumia SP-1200, mashine ya kunasa vipande vya rekodi na kuvipiga upya, ambayo kwa jumla ilihifadhi sekunde 10 hivi tu za sauti. Watengenezaji wa biti wa wakati ule walikuwa wakiicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiingie kikiwa kifupi, kisha wanakipunguza mwendo ndani ya mashine. Kinapotoka huwa kimeingia chengachenga na ukungu fulani, na hizo biti za mikusanyiko unayoilalamikia nyingi zinauiga ukungu huohuo kwa programu ya kompyuta.

Binti wa Besi

Naheshimu ushauri uliotangulia, lakini mwenye uzi amesema mistari inamvuruga, nasi tunampa albamu mbili zilizojaa mistari. Kwa saa za kazi ningempeleka Japani kwa Nujabes, mtengenezaji wa biti aliyefariki mwaka 2010 na kuacha *Metaphorical Music* ya 2003 na *Modal Soul* ya 2005, ambamo nyimbo zenye rapa zinapishana na zile za ala tupu. Aongeze *Shades of Blue* ya Madlib, pia ya 2003, kwani mtengenezaji huyu wa biti alifunguliwa hazina ya Blue Note, lebo ya jazi, akazifinyanga upya rekodi zake, na mtu asiyeijua jazi anaweza kuzifuata nyimbo hizo hadi kwa wapigaji wa awali. Najua atatokea wa kumtaja rapa Guru na *Jazzmatazz* ya 1993. Ni kweli kwamba wanajazi Donald Byrd na Roy Ayers wamepiga humo wenyewe, ila kwa sikio langu Guru anaongea mno wageni wake wakiwa kazini.

Mhariri wa Zamu

Nawashukuru nyote. Je, ipo inayopigwa na bendi, bila kutegemea vipande vya santuri?

Ngoma za Ilala

Ipo. The Roots wa Philadelphia walitoa *Do You Want More?!!!??!* mwaka 1995, na ngoma za Questlove humo ni kavu, zimepangwa kwa nidhamu, kiasi kwamba zinakaa vizuri chini ya kazi ya mezani. Anza na wimbo wa "Proceed". Robert Glasper na kundi lake wana *Black Radio* ya 2012, lakini hiyo ina waimbaji wengi, Erykah Badu akiwa mmojawao, kwa hiyo kama sauti ya mtu inakutoa kwenye mswada hata inapoimba, iache ya wakati wa kupika. Glasper huyohuyo amepiga piano kwenye *To Pimp a Butterfly* ya Kendrick Lamar ya mwaka 2015. Hiyo usiithubutu ukiwa na kalamu mkononi. Inataka ukae chini, uisikilize yote.