Maonyesho ya ndege za kale: nichague lipi, na je, ni haki kuendelea kuzirusha?

Mpenda Anga (Shangani, Mtwara)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kuanzia Mei hadi Septemba nitakuwa Uingereza kwa masomo mafupi, na posho yangu itaniruhusu kulipia onyesho moja tu la ndege. Wengi wananishauri niende Fairford, kwenye jeti za kijeshi za mataifa mengi, lakini moyo wangu uko kwa ndege za kale zenye injini za pistoni na mabawa ya mbao yaliyofunikwa kitambaa. Naomba maoni yenu katika mambo mawili. Kwanza, ni onyesho lipi linalomfaa mtu ambaye huenda asipate nafasi nyingine? Pili, je, ni sahihi kuendelea kurusha mashine zenye umri wa miaka themanini au mia moja, ilhali zikianguka hazipatikani nyingine?

Mzee wa Mikumbi (Lindi)

Mwanangu, mimi injini hizo nilizisikia nikiwa kijana. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 likitumia ndege ndogo za Dragon Rapide na kufa mwaka 1977, lilikuwa likileta ndege za Dakota katika viwanja vya huku kusini. Dakota ina injini mbili, kila moja ikiwa na silinda 14 zilizopangwa duara katika safu mbili, na nguvu za farasi zipatazo 1,200. Haiwaki kwa mkupuo. Rafadha, yaani pangaboi la mbele ya injini, huanza kuzunguka polepole, silinda moja inashika, nyingine inakohoa, moshi unatoka ubavuni, kisha zote zinapatana na ngurumo inatulia. Ndege iliyosimama juu ya sakafu iliyopigwa deki haiwezi kukufundisha jambo hilo, hata ukisoma kibao chake mara ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa Lindi hawaambiwi. Kuanzia mwaka 1937, ndege za kutua majini za Imperial Airways, shirika la Waingereza, aina ya Short Empire, zilipokuwa zikisafiri kati ya Southampton na Durban zilitua hapa kwetu Lindi, kati ya Dar es Salaam na Msumbiji. Zilikuwa na injini nne, na mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 35 hivi kutoka ncha hadi ncha. Leo hakuna hata moja iliyosalia duniani, ya kuruka wala ya kutazamwa. Baadhi zilipotea katika ajali na vita, lakini zilizopona zilikatwakatwa zikawa chuma chakavu kwa kuwa hakuna aliyezitaka. Kwa hiyo swali lako la pili linanigusa kwa upande huo: ndege inayorushwa ina watu wanaoigharimia na mafundi wanaoijua, na ndege isiyo na watu hao huozea nyuma ya banda.

Fundi Mitambo (Mitengo, Mtwara)

Shikamoo Mzee. Kuhusu mlio sina ubishi, ila kama fundi siwezi kunyamazia usalama. Chuma huchoka. Kila safari hukunja na kukunjua bawa, na nyufa huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Agosti 2018, ndege ya abiria Junkers Ju 52 iliyotengenezwa miaka ya 1930 ilianguka katika milima ya Uswisi na watu wote 20 waliokuwemo walifariki. Wachunguzi walilaumu hasa namna ilivyorushwa, lakini walikuta pia kutu na nyufa katika sehemu zake. Mwaka 2015, huko Shoreham, Uingereza, jeti ya kivita Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wake angani ikaangukia barabara kuu na kuua watu 11, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya uwanja wa onyesho. Novemba 2022, huko Dallas, Marekani, ndege mbili za Vita Kuu ya Pili, B-17 na P-63, ziligongana mbele ya watazamaji, wakafa watu sita.

Msimamo wangu ni kwamba ndege iliyobaki peke yake ikae chini, ilindwe na ipimwe vipimo vyote ili wajukuu wetu waikute. Zile zilizotengenezwa kwa wingi, kama Dakota ambazo zilizidi 10,000, ziruke, mradi zisifanyishwe sarakasi.

Mwana wa Newala

Kaka Mpenda Anga, mimi nilisoma Uingereza na nakushauri bila kusita: nenda Old Warden, uwanja mdogo wa nyasi huko Bedfordshire wenye mkusanyiko wa ndege za kale uitwao Shuttleworth. Utasimama karibu na ndege kuliko mahali pengine popote nilipofika, na kabla ya onyesho unaweza kuzitembelea zilipopangwa. Mstari wa watazamaji umejipinda, kwa hiyo ndege ikikata kona unaiona mgongo na mabawa yote, si tumbo peke yake. Zile za Vita Kuu ya Kwanza zenye injini inayozunguka pamoja na rafadha hutumia mafuta ya nyonyo, na harufu yake hukufikia ulipo.

Dada Fundi, hofu yako ni ya haki, na wenye uwanja ule wanaiheshimu. Ndege yao ya Blériot ya mwaka 1909 hutolewa upepo ukiwa umetulia kabisa, ikainuka kidogo juu ya nyasi, ikaenda mbele na kutua, bila kugeuka. Kwangu mimi huko ndiko kurusha ndege ya kale kwa adabu, ingawa kwa kanuni yako ya upekee sijui kama ungeiruhusu hata hatua hiyo.

Fundi Mitambo

Hatua hiyo ningeiruhusu. Bawa halibebi mzigo wa kona.

Mpenda Anga

Nawashukuru sana, na Mzee, marahaba zako ziendelee kutufikia. Je, niende mchana au jioni? Na kamera niipangeje?

Mwana wa Newala

Chagua onyesho la jioni, kwa sababu upepo hupungua jua linapoelekea kuzama na ndege kongwe hupata nafasi ya kutoka. Kamera usiiweke kasi kubwa, la sivyo rafadha itaganda na ndege itaonekana kama imetundikwa. Anza na 1/125 ya sekunde, uifuate ndege kwa kuzungusha kiuno. Beba koti la mvua. Ikibaki akiba, uwanja wa Duxford hauko mbali, na huko Dragon Rapide bado huchukua abiria. Ni aina ileile aliyoitaja Mzee.