Kinanda cha kuzungusha kwa mkono: sauti hafifu, noti moja haikatiki

Mpendakale: Wakuu habari zenu. Nimerithi kisanduku cha mbao, kina hendeli pembeni na roli ya mbao iliyojaa pini ndogo za chuma, kimeandikwa Gem Roller Organ. Nikizungusha, roli inakwenda vizuri tu ila sauti inatoka hafifu, imekauka kama ya mtu mwenye mafua, halafu kuna noti moja inalia muda wote na zingine kama nne ni bubu kabisa. Nimeweka kiganja juu ya matundu nikitegemea upepo unipige, wapi, sisikii kitu. Mvukuto umekufa? Na hivi kinajuaje wimbo?

FundiNdimi: Mkuu usiukatie tamaa mvukuto, hicho chombo hakipulizi, kinavuta! Hendeli inasukuma mivukuto, mivukuto inanyonya hewa iliyomo ndani ya sanduku, basi hewa ya nje inatafuta pa kuingilia na njia yake ni kwenye ndimi. Chana tishu nyembamba, isogeze karibu na tundu la ile noti inayolia, utaiona inavutwa ndani. Ulimi wenyewe ni kibati chembamba cha shaba njano, kimeshikwa mwisho mmoja juu ya upenyo ambao kinapita kwa kubanana, hewa ikipita kinatetemeka, ni kama harmonika pale unapovuta pumzi.

Wimbo uko kwenye roli. Hiyo Gem ni ya kampuni ya Autophone, walikuwa Ithaca, New York, karne ya 19, na ina noti 20. Kila pini inanyanyua kijiti chake na kijiti kinafungua vali, yaani kimlango cha hewa ya ulimi wake. Pini ya kawaida ni noti fupi, ukiona kama pini ya stepla imelala hapo ndo noti ndefu. Sasa angalia roli kwa karibu, pini zimepangwa kwa kuzunguka kama nyuzi za skrubu, roli inajizungusha mara tatu huku inasogea pembeni kidogo kidogo, yaani wimbo mmoja ni mizunguko mitatu. Mimi hapo huwa naacha kazi naangalia tu.

Kijana wa Gia: Pulizia oili kwenye hizo ndimi zitalegea.

FundiNdimi: Hapana hapana, tafadhali usifanye hivyo! Oili inashika vumbi, na ngozi za vali zikilowa ndo basi tena. Tone moja kwenye gia na ekseli, basi. Ulimi bubu mara nyingi una uchafu tu, utoe taratibu, upigie brashi laini, usikwaruze, maana ukikwaruza karibu na ncha noti inapanda, ukikwaruza karibu na shina inashuka.

Bi Nota: Naongezea, sauti hafifu mtafutie uvujaji kwanza. Kitambaa cha mvukuto kinapasuka kwenye mikunjo, ingia chumba cha giza uweke taa ndani utaona vitundu kama nyota. Usizibe kwa selotepu, ng'oa kitambaa chote uweke kipya chenye mpira kwa gundi ya moto ya ngozi, ili fundi wa baadae aweze kukifungua tena. Nina Ariston, kinanda kingine cha kuzungusha, cha Leipzig, Ujerumani, yangu inasoma diski ya kadibodi yenye matundu na ina ndimi 24, ila ugonjwa ni huohuo.

Mpendakale: Wakuu nimerudi. Tishu imevutwa kweli, nimepiga kelele peke yangu humu ndani! Ile noti isiyokatika nimefungua vali yake, chini ya ngozi kulikuwa na kipande cha bawa la nondo, kidogo kuliko punje ya mchele, ndo kilikuwa kinaizuia isifunge. Bubu watatu wameamka baada ya brashi. Wa nne bado, na kitambaa kina nyota kama kumi na mbili, nimezihesabu.