Naambiwa nikamwombe radhi tajiri wa mitumbwi. Huu ni wito au ni ubishi wangu?

MwinjilistiWaMwaloni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwinjilisti, niko kijiji kimoja cha mwaloni, yaani mitumbwi inaposhushia samaki, kusini mwa Kigoma mjini, huku tunafika kwa boti. Huu mwaka wa sita. Simu nachajia sola ya jirani, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimekasirika.

Kanisa letu lina kuta za tofali za kuchoma, tulizifyatua wenyewe. Mabati aliyaahidi tajiri mmoja wa hapa, ana mitumbwi minne na taa zake, halafu ni mzee wa kanisa. Kati ya mabati 40 ameleta 22. Madhabahu imeezekwa, upande wanaokaa kina mama ni turubai.

Sasa wavuvi wake. Anayejua dagaa wa Tanganyika anajua hesabu yake. Mnavua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitoka dagaa hafuati taa tena, mnapumzika, ndipo hesabu inapigwa. Yanatolewa mafuta, inatolewa chakula, kinachobaki nusu ya tajiri, nusu ya wavuvi. Huyu wetu mafuta anayakata mara mbili: kabla ya kugawa, halafu tena kwenye nusu ya vijana. Giza mbili mfululizo, yaani vipindi viwili vya kuvua, wametoka na shilingi 11,000 kila mmoja. Wanne kati yao wanaimba kwaya. Mmoja alinigongea alfajiri, magamba bado yamemganda mikononi, akaniuliza: "Mwinjilisti, hii nayo imeandikwa wapi?"

Jumapili iliyofuata nikafungua Yakobo 5, ule ujira uliozuiwa kwa hila ambao unapiga kelele. Sikumtaja mtu. Lakini kwenye kanisa la watu sabini, mwenye mitumbwi minne ni mmoja tu, na kila shingo iligeuka.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Mabati 18 yamelala stoo kwake. Wazee wenzake wamenikalisha kikao, wanataka niende nikaombe radhi mbele ya mke wake na watoto wake. Sadaka Jumapili iliyopita ilikuwa shilingi 3,400 na ndoo nusu ya mihogo. Baba mkwe amepiga simu kutoka Kasulu, anasema binti yake hakumwoza kwa turubai. Kaka yangu yuko Kariakoo, anauza vyombo, anataka mtu wa kumkalia stoo kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Posho yangu ya kanisa ni 60,000, nayo hutoka mwezi inapojisikia.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, tulikula mihogo na mawese miezi mitatu na wala sikuwaza kuondoka. Lakini ile njaa ilikuwa ya kijiji kizima. Hii ya sasa ni ya nyumba yangu peke yake, na jirani anakaanga migebuka.

Naombeni ushauri. Nikibaki, nabaki kwa sababu Mungu aliniita, au kwa sababu sitaki yule mzee aonekane ameshinda? Kusema kweli, usiku siwezi kutofautisha.

Mzee_Urambo

Shalom mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, Mmoravian wa Urambo, Tabora. Nikusimulie ya huku kwetu, si kwa kukutisha.

Wamisionari wa London walifika Ujiji, hapo jirani yako, mwaka 1878. Mmoja wao, Thomson, alikufa mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Dk. Southon akafungua kituo huku Urambo kwa mtemi Mirambo. Walielewana vizuri. Mwaka 1882 bunduki ikamjeruhi Southon mkono kwa bahati mbaya, jeraha likamwua. Wakaja wengine, wakaugua, wakahangaika. Hatimaye, mwaka 1898, kituo wakakabidhiwa Wamoravian. Mimi nimebatizwa kwa sababu ya makabidhiano hayo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaohubiri kwamba kila aondokaye ameasi. Kuna kukimbia na kuna kukabidhi. Ukienda Kariakoo kesho, nani anabaki na wale vijana wanne? Kama una jina la mtu, nenda, na Mungu akubariki. Kama huna, utakuwa umeacha mlango wazi mbuzi waingie.

MamaMchungaji_Kasulu

Mwakeye mdogo wangu. Nimesoma yote. Umetaja mabati mara tatu, mkeo hujamtaja hata mara moja, isipokuwa kama binti wa watu. Yeye anasemaje? Anakula nini? Miaka kumi na tisa nimekuwa mke wa mchungaji, na wito wa mume wangu umepikwa kwenye sufuria yangu, naomba nieleweke.

Wahubiri mnapenda kumtaja Dk. Atiman wa Karema, huko chini ziwani. Kweli, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, mapadre wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kukaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mimi nikimsikia huwa nawaza jambo moja: yule mzee alikuwa na kazi mikononi. Asiyetaka mahubiri alikuja kutibiwa kidonda. Na Paulo alishona mahema. Wewe una nini mkononi, zaidi ya kusubiri posho?

Baharia_Kibirizi

Mi si mtu wa kanisa sana ila nimevua miaka minane. Hiyo ya mafuta mara mbili ipo, tunaijua. Nikwambie kitu mwinjilisti, kila tajiri anatukanwa na wavuvi mtumbwini, amezoea. Kusemwa mbele ya mke wake ndiyo hajazoea. Ulimfuata nyumbani kwanza au ulipanda tu madhabahuni?

MwinjilistiWaMwaloni

Nashukuruni wote. Baharia, unasema si mtu wa kanisa ila umenipiga na Mathayo 18:15 bila kuitaja: ndugu akikosa, mfuate kwanza mkiwa wawili tu. Sikumfuata. Niliogopa. Madhabahuni nilikuwa na watu sabini mbele yangu, nyumbani kwake ningekuwa mimi na yeye na yale mabati.

Mama, mke wangu anauza vitumbua na mawese, na ukweli ni kwamba tangu Mei tunakula cha kwake. Nimemsomea ulichoandika. Amecheka, akasema "mwambie mama ahsante," halafu akakaa kimya muda mrefu. Baadaye akaniambia Kariakoo hataki, ila hataki pia niendelee kushinda barazani nikisubiri posho. Kijana mmoja wa kwaya ananifundisha kushona nyavu. Vidole vimechanika.

Mzee wangu wa Urambo, jina la kumkabidhi sina.

Giza linaanza Alhamisi. Kesho jioni, kabla mitumbwi haijashuka, napita kwa tajiri peke yangu. Namwomba radhi kwa kuanzia madhabahuni. Kwa Yakobo 5 simwombi radhi, na nimeandika hesabu ya vijana kwenye daftari, giza zote mbili, lita kwa lita. Wazee nimewaambia nakwenda, wamefurahi. La daftari sijawaambia.

Baharia_Kibirizi

Lita uliandikiwa na nani? Kama ni vijana wenyewe, usimwonyeshe mwandiko wao. Nakili upya kwa mkono wako.

MwinjilistiWaMwaloni

Nanakili sasa hivi.