Binti yangu kamuuliza bibi yake anapaa saa ngapi. Naomba ushauri

Baba Minza
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naandika nikiwa nje hapa Igoma, Mwanza, maana ndani hakukaliki.

Mwezi jana nilipita Makoroboi nikakuta kitabu cha mtumba, elfu tatu tu. Jalada gumu, kimejaa michoro ya wachawi wa nchi za watu: vizee wenye pua kama ndoana, kofia zilizochongoka, paka weusi. Kiingereza chake kimemshinda binti yangu wa darasa la pili, kwa hiyo anasoma picha. Kuna ukurasa kizee wa Kirusi anapaa juu ya msitu, kakaa ndani ya kinu, mchi mkononi. Huo kaukunja kona.

Sasa mama yangu amekuja kutoka Magu kutibiwa mgongo. Kaja na kinu chake cha karanga, mchi, na ungo mpya zawadi ya mke wangu. Macho yake ni mekundu, tangu nipate akili yako hivyo. Jumamosi tunakula, mtoto akamtazama, akatazama kile kinu pale mlangoni, akauliza: "Bibi, wewe huwa unapaa saa ngapi?"

Mke wangu akacheka. Mama akarudisha tonge kwenye sahani, akanawa. Mliozaliwa Usukumani mnajua kwa nini. Tangu siku hiyo anajibu salamu tu, na jana kaniuliza nauli ya Magu siku hizi ni shilingi ngapi. Mtoto naye kaficha mchi uvunguni mwa kitanda changu ili bibi asiondoke usiku.

Nikichome kitabu? Nimchape mtoto? Mama nimwambieje?

Mvuvi wa Kirumba
Ficha na ungo mkuu 😂

Mama Kulwa
Mvuvi, si kila uzi wa kuchekea.

Baba Minza, mtoto usimguse. Kaonyeshwa kinu kinapaa, kakiona kinu, kauliza. Aliyekosea ni shemeji kucheka. Kwetu Kwimba miaka ya 1990 macho mekundu yalikuwa hukumu ya kifo. Bibi mzaa mama jua likizama hatoki, na wajomba walilala mlangoni kwa zamu, panga chini ya mkeka. Na macho yenyewe ni moshi tu! Miti imekwisha, mtu anapikia mavi ya ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha tangu aolewe. Mama yako alikumbuka wenzake aliowazika. Kaa naye, omba radhi wewe kwanza, ya mtoto yafuate.

Mwalimu Nyegezi
Huyo wa kwenye kinu ni Baba Yaga. Ndiyo, anaitwa Baba na ni mwanamke, Warusi hao. Nyumba yake imesimama kwa miguu ya kuku. Mchoro wake maarufu aliuchora Ivan Bilibin mwaka 1900, huenda ndio huo ulio nao. Wala si mbaya moja kwa moja: msichana Vasilisa alitumwa kwake kuomba moto, akapewa kazi za kumkomoa, akazimaliza zote, akaondoka na moto wake ndani ya fuvu.

La macho ndilo limenishika. Hadithi ya Hansel na Gretel waliyoikusanya ndugu Grimm wa Ujerumani, chapa ya 1857, inasema wachawi wana macho mekundu na hawaoni mbali. Kumbe na kwao! Huko Ulaya inakadiriwa waliouawa kwa tuhuma za uchawi ni kati ya 40,000 na 60,000, wengi wanawake. Usikichome. Kisome naye, umwambie huyu ni wa hadithini kama Sungura na Fisi.

Ng'wana Misungwi
Mwalimu, kwetu mchawi hapandi kinu, anapanda fisi, na hakuna aliyetuchorea. Mimi ningekichoma leo. Kesho mtoto akitamba shuleni kwamba bibi yake anapaa, hapo Igoma watasikia wangapi? Sheria ya Uchawi ya 1928 inamtia hatiani anayemwita mwenzake mchawi, sawa, lakini polisi wanakuja asubuhi.

Nesi wa Zamu
Mama Kulwa, moshi sawa, ila tusiishie hapo. Baba Minza, muulize kama kope zinamchoma. Ugonjwa wa vikope hugeuza kope zikaingia ndani zikawa zinakwaruza jicho, mwisho ni upofu. Kuna dawa, na zikishageuka kuna upasuaji mdogo. Maadamu yuko mjini, mpeleke kliniki ya macho kabla hajapanda basi.

Baba Minza
Nimerudi. Jana nilimwomba radhi, mke wangu naye akapiga magoti. Mama akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema nimletee hicho kitabu. Akafunua polepole, kila ukurasa, mtoto amejibanza nyuma yangu. Alipofika kwa yule wa kinuni akakisogeza karibu na taa. "Sasa huyu kinu kakipanda yeye, karanga kwake anatwangia nini?" Minza akatoka mgongoni kwangu kuangalia kama kweli hakuna karanga.

Jumatatu tunakwenda macho. Ni kweli kope zinamchoma, alikuwa anazing'oa mwenyewe kwa vidole miaka yote. Mchi bado uko uvunguni.