Kortisoli imetoka 32, kila mtu ananiambia ni stresi. Nifanye nini?

MamaK_Kondele
Wadau hamjambo. Niko Kisumu, nafanya shifti ya usiku, na tangu mwaka jana nimeongeza kilo na uso umejaa hadi wamama wa chama wananiuliza kama niko na mimba, siko. Usingizi ni wa kubahatisha, unalala mchana huku jirani amefungulia redio. Sasa nikaona video TikTok eti huo unaitwa uso wa kortisoli, nikaingia maabara moja hapa tao bila kutumwa na daktari, nikatolewa damu saa mbili asubuhi nikitoka kazini. Imetoka 32 na karatasi inasema mwisho ni 25. Yule wa maabara akaniambia tu "ni stresi madam, punguza mawazo". Mawazo napunguzaje na kodi ya nyumba haijalipwa? Nauliza hii kitu inaletwa na nini, na kama kuna dawa ya kuishusha naweza kununua dukani bila kupiga foleni hospitali. Presha iko sawa, sukari sijapima. Dawa situmii yoyote.

Otis_Nakuru
Pole sista. Tafuta ashwagandha, ile dawa ya mitishamba, hata huku Nakuru wanauza, kuna jamaa wa jim anazimeza na analala kama mtoto. Pia wacha kahawa.

nesi_wa_zamu
Otis, tulia kwanza. Hiyo ashwagandha kuna watu imeripotiwa kuwaumiza ini, si kitu ya kumshauri mtu ambaye hata hatujui kama anaumwa.

MamaK, kortisoli si sumu, ni homoni ya kawaida inatoka kwa tezi mbili zimekaa juu ya figo na bila hiyo huwezi hata kuamka. Kwa mtu anayelala usiku inapanda alfajiri na kushuka kabisa karibu na usiku wa manane. Wewe mchana wako ndio usiku, kwa hivyo hata hiyo ratiba yako imevurugika, na damu moja ya saa mbili haitoshi kusema uko na ugonjwa. Mtu mwenye shida yenyewe tunamtambua zaidi kwa kuwa yake inakataa kushuka usiku.

Stresi na kukosa usingizi vinaipandisha kidogo, ndiyo. Pombe nyingi ya kila siku inaweza hata kumfanya mtu afanane kabisa na mgonjwa, akiiacha vipimo vinarudi. Lakini ule ugonjwa wenyewe wa kortisoli kuzidi, unaoitwa Cushing kwa jina la daktari Mmarekani aliyeueleza 1912, hausababishwi na mawazo ya kodi. Unakuja na dalili zake: michirizi ya zambarau tumboni iliyo mipana kuliko sentimita 1 (si ile ya kujifungua), ngozi inachubuka na kuvilia damu ukiguswa tu, mapaja yanakosa nguvu hadi kuinuka kwa kigoda ni kazi, presha, sukari, hedhi kupotea. Kunenepa uso peke yake, dada, hata chapati zinaleta.

Swali langu moja. Unaposema hutumii dawa, umehesabu vidonge vya kupanga uzazi? Na krimu yoyote ya kung'arisha uso?

MamaK_Kondele
Krimu hapana, mimi na weusi wangu tumeelewana. Vidonge vya uzazi natumia vile vya kila siku. Hivyo navyo ni dawa? Michirizi ya zambarau sina, na kigodani nainuka vizuri.

nesi_wa_zamu
Basi hapo ndipo naangalia kwanza. Vile vya kila siku vingi viko na estrojeni, na estrojeni inafanya ini litengeneze kwa wingi protini inayobeba kortisoli kwenye damu. Maabara inapima yote, ile iliyobebwa na ile iliyo huru, kwa hivyo namba inaruka juu na mwili wala haujui. Mimba inafanya vivyo hivyo.

Usiache vidonge kiholela ukajikuta leba, ongea na kliniki kwanza. Daktari akitaka kuhakikisha, kuna ile ya kumeza dexamethasone (dawa inayoiga kortisoli) miligramu 1 saa tano usiku halafu damu saa mbili asubuhi, kwa mtu mzima wa afya kortisoli inafaa iwe imeshuka chini ya 1.8, lakini hiyo nayo inadanganywa na vidonge vyako, kawaida unakaa wiki 6 bila. Ya mate ya usiku kwa mtu wa zamu haitegemewi. Kwako mimi ningeomba ya mkojo wa saa 24, ifanywe mara mbili.

Wa_Bungoma
Naomba nidandie hapa, daktari. Mamangu ana magoti, anatumia unga fulani anauziwa siku ya soko, anasema umemrudishia ujana. Sasa uso ni duara, mgongoni chini ya shingo kumeota kinundu cha mafuta, mikono imekonda, presha na sukari zimekuja pamoja. Tumepima kortisoli tukidhani itakuwa juu, IMETOKA CHINI KABISA. Maabara walikosea ama? Nimemwambia autupe huo unga leo leo.

nesi_wa_zamu
USIMWAMBIE AACHE GHAFLA. Na mimi ni nesi, si daktari.

Kwa kusoma tu siwezi kuapa, lakini hiyo picha ni ya steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kortisoli, na steroidi ndizo zinaleta Cushing kwa watu wengi kuliko uvimbe wowote. Kuna dawa za "kienyeji" za viungo, vidonge vya kunenepesha na krimu za kujichubua zinazochanganywa steroidi kama dexamethasone, prednisolone, betamethasone au clobetasol bila kuandikwa. Mwili ukipewa steroidi ya nje kila siku, tezi zake zinaacha kazi. Dexamethasone haionekani kwenye kipimo cha kawaida cha kortisoli, ndiyo maana mama ana dalili za kortisoli nyingi na karatasi inasema hana. Maabara haikukosea.

Sasa ukimnyang'anya unga leo, tezi bado zimelala, anaweza kutapika, kuumwa tumbo, presha kushuka na kuzimia, watu wanakufa hivyo. Mpeleke hospitali kubwa kesho, hizo dalili zikianza ni usiku huo huo kwa emajensi na mtaje neno steroidi. Watampa dozi inayojulikana na kuipunguza polepole, inaweza kuchukua miezi. Magoti yatauma tena njiani, muandae kwa hilo.

Otis_Nakuru
Daah. Na kama mtu hamezi kitu na kweli iko juu?

nesi_wa_zamu
Hao ni wachache sana. Wanapimwa ACTH, homoni ya kutoka kichwani inayoamrisha zile tezi. Ikiwa chini, wanatafuta uvimbe kwa tezi za juu ya figo kwa CT skani. Kama haiko chini, ni MRI ya kichwa, mara nyingi ni kivimbe kidogo kwa tezi ya pituitari, kinatolewa kwa upasuaji kupitia puani. Mara chache uvimbe uko kwingine kama mapafuni. Ketoconazole na metyrapone zinashusha kortisoli lakini ni za daktari wa homoni, lazima achunge ini na mambo mengine ukizitumia, si za dukani MamaK.

MamaK_Kondele
Asante sana. Huo mkojo wa saa 24 naukusanyaje na sina friji?

nesi_wa_zamu
Chukua mtungi wa maabara. Ukiamka mkojo wa kwanza mwaga, andika saa, halafu kila tone hadi ule wa kwanza wa siku ya pili, huo unaweka. Fanya siku ya ofu. Mtungi ukae kwa ndoo ya maji baridi yenye barafu, hata ya wauza samaki. Na usinywe maji kupita kiasi siku hiyo.

Wa_Bungoma
Tunatoka alfajiri. Ule unga hauna jina, umefungwa kwa gazeti tu, niende nao hivyo?

nesi_wa_zamu
Nenda nao hivyo hivyo, na gazeti lake.