Intaneti ya bure kwenye treni: behewani, stesheni, au kila mtu na bando lake?

Mkazi wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Reli ya kisasa ya Tanga–Arusha–Musoma inazungumzwa sana hapa Tanga mjini. Siku ikijengwa, sisi abiria tudai nini kuhusu intaneti? Kazi yangu ni ya kompyuta, na nikipanda basi la Dar kupitia Segera siku nzima inapotea. Naona njia tatu: waifai ya bure ndani ya behewa, waifai ya bure stesheni tu, au kila mtu abaki na bando lake ila minara iwekwe kando ya reli. Ipi ina maana kwetu?

Fundi Chumbageni
Mkuu, tuanze na inakotoka. Juu ya paa la behewa hufungwa antena, na ndani kuna ruta yenye laini za kampuni kadhaa za simu. Ruta inakusanya mtandao wa kila kampuni inayoshika pale mlipo, inauunganisha, halafu inawagawia abiria. Kwa hiyo waifai ya treni ni minara ile ile ya simu. Pasipo na mnara, utaliona jina la waifai kwenye simu na hakuna kitakachofunguka.

Faida yake ni mbili. Mabehewa ya kisasa ni chuma, na vioo vyake vina utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto la jua. Utando huo unazuia pia mawimbi ya simu. Antena ya paani inaukwepa. La pili ni mwendo. Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ya Dar–Dodoma inafika kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 2.5 kila dakika. Simu za abiria wote zinahama mnara kwa wakati mmoja, kila moja ikigombea nafasi. Ruta inahama kwa niaba ya wote.

Binti Raskazone
Asante kaka fundi. Niongeze ya wenzetu, maana hawakufuata njia moja. Ujerumani, shirika la reli la Deutsche Bahn walifungua waifai ya bure daraja la pili kwenye treni zao za kasi za ICE Januari 2017. Uswisi walienda kivingine: reli yao ya SBB ilikubaliana na kampuni za simu, abiria anajisajili kwenye programu na data anayotumia akiwa ndani ya treni za masafa marefu haikatwi kwenye bando lake.

Mimi naitazama zaidi India, kwa sababu abiria wao wengi ni wa kipato kama chetu. Walianza na stesheni. Google na RailTel, kampuni ya mawasiliano ya reli ya India, waliwasha ya kwanza Mumbai Central Januari 2016, na kufikia 2018 zilikuwa stesheni 400. Google walijitoa 2020, RailTel wakaendelea. Ndani ya treni walijaribu kwa setilaiti, na mwaka 2021 serikali ikaliambia bunge kwamba gharama haziendani na faida, wakaacha. Mimi kura yangu ni stesheni.

Mzee wa Pongwe
Wanangu, stesheni ni sawa kwa anayesubiri. Lakini reli yetu tunaijua. Mjerumani aliianza hapa Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, na sehemu kubwa inapita mashamba ya mkonge na vijiji. Treni ya Dar–Arusha iliyorudi 2020 sisi tunaipandia Korogwe. Ukielekea Mombo mtandao unakuja na kuondoka. Na wakata mkonge wanaoishi pale hali yao ni hiyo hiyo, kila siku, wala si abiria. Mkiweka waifai behewani, mmemhudumia anayepita. Mkiweka mnara, mmemhudumia anayepita na anayebaki. Kwangu hilo halina mjadala.

Mama Machungwa, Muheza
Shikamoo mzee. Nakuunga mkono, nami nitasema la biashara. Mzigo ukiwa umeshapakiwa, mteja wa Kariakoo anataka picha ya machungwa kabla hajatuma hela. Picha inataka intaneti, sawa. Ila hela naipokea na kuitoa kwa menyu ya nyota na namba, na hiyo haitaki bando. Inataka simu ishike mnara. Sasa nikiwa behewani na waifai nzuri lakini simu imeandika hakuna huduma, nitamlipaje mpakiaji?

Fundi Chumbageni
Shikamoo mzee, na dada umegusa penyewe. Menyu ile haipiti kwenye waifai hata kidogo, inapita kwenye mtandao wa simu. Na waifai ya wazi isiyo na nywila muwe nayo makini. Mtu yeyote aliyekaa behewani anaweza kuwasha simu yake na kuipa jina lile lile. Ukiombwa namba ya siri ya pesa ili "uunganishwe", toka haraka.

Mkazi wa Ngamiani
Na setilaiti je? Nimesoma kampuni ya treni ya Brightline, kule Florida, Marekani, walianza kutumia Starlink, intaneti ya setilaiti, 2023.

Fundi Chumbageni
Inafaa pale ambapo minara haipo kabisa, lakini antena lazima ione anga. Kwenye handaki inakatika, na bado unalipa vifaa, ada, na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kwa Tanga hadi Korogwe, penye miji na umeme, mnara una akili zaidi.

Ila kuna kitu naomba kisisahaulike, na ni vioo. Siemens, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza treni, wana vioo ambavyo utando wake umechorwa mistari myembamba kwa leza: joto linazuiwa, mawimbi ya simu yanapita. Abiria anatumia laini yake, hakuna ruta ya kutunza kwenye behewa, na hela ya dada wa Muheza inaingia. Lakini vioo vinakuja na behewa. Ruta unaweza kuifunga hata miaka kumi baadaye. Kubadilisha vioo vya treni nzima ni gharama kubwa. Kwa hiyo kama kuna mtu hapa atakayepata nafasi kwenye vikao vya maoni, aseme sharti la vioo liandikwe kwenye zabuni ya mabehewa, kabla hayajaagizwa.

Binti Raskazone
Hilo la vioo sikulijua. Basi nabadilisha kura: minara na vioo kwanza, stesheni ifuate.