Boti za kitalii Zanzibar: mnauza "safari ya familia" bila jaketi hata moja la mtoto!

Wakuu, hili limezidi. Nazungumzia safari za siku moja zinazotoka Fumba kuingia Ghuba ya Menai: fungu la mchanga, kuogelea kwenye matumbawe, chakula kisiwa cha Kwale, jioni kurudi. Tangazo limejaa picha za watoto. Ukifika ufukweni, mtoto wa miaka minne anavishwa jaketi okozi la baba yake!

Majaketi hupangwa kwa uzito, na uzito umeandikwa humo humo ndani. Chini ya kilo 15 ni la mtoto mchanga, kilo 15 hadi 43 la mtoto, kuanzia 43 la mtu mzima. Mtoto wa kilo 16 akitumbukia na jaketi kubwa, jaketi linaelea, yeye anachomoka kwa chini. Pimeni pale pale kabla ya kupanda: funga vifungo vyote, shika jaketi mabegani, mnyanyue kidogo. Likimpanda hadi masikioni, halimfai. La mdogo liwe na kola ya kumshika kichwa na mkanda unaopita katikati ya mapaja. Bonyeza pia sponji ya ndani. Ikibaki imebonyea, au mikanda imechakaa kwa jua, kataa. Kuwekewa rundo la majaketi chini ya kiti ili askari akija ayaone, hapana jamani!

Halafu suala la maji. Kwa nini boti iondoke saa tatu asubuhi mwezi mzima? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Unguja maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti yake inakaribia mita nne. Ukitoka saa tatu siku hizo, familia inatembezwa mbali juu ya miamba, mtoto begani, ndipo waifikie boti. Na wakichelewa kwenye matumbawe, fungu walilolipia linaanza kuliwa na maji. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: asubuhi kumejaa, fungu ni kipande tu au halipo kabisa. Nahodha yeyote wa Fumba analijua hili tangu utotoni. Anayepanga ratiba yuko hotelini, na papasi, yule dalali wa kuwatafuta watalii mitaani, anawaza kamisheni yake tu.

Kipindi cha kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, hasa Juni hadi Agosti, upepo unapanda mchana. Watoto wakitoka kuogelea wanalowa tena kwa mawimbi na kutetemeka njia nzima, turubai lenyewe limekunjwa kwa sababu ya upepo. Mwenye watoto arudishwe mapema, si kusubiri machweo ya kupigia picha. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari ya upepo mkali, rudisheni hela za watu!

Injini moja, hakuna ya akiba, hakuna plagi za kubadilisha, petroli iko kwenye dumu na haijachujwa maji. Ikizima katikati ya mkondo na watoto kumi ndani, mnafanyaje?

Wenye boti mliomo humu, jibuni: mna majaketi mangapi ya chini ya kilo 15? Na wazazi, ombeni picha ya maandishi ya uzito kabla ya kutuma advansi. Asipotuma, tafuta boti nyingine.